Aliyeshindwa Vizuri

Primus Temba alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Kisereni kwa miaka kumi, na siku aliyoshindwa hakuna aliyemwona amekunja uso.

Matokeo yalitangazwa jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi, manyunyu yakishuka kutoka msituni. Watu walikuwa wamejigawa pande mbili kama walivyokaa wiki nzima ya kampeni, wa Primus karibu na tangi la maji, wa Denis Kimaro karibu na lango. Jina la Denis liliposomwa, upande wa langoni walipiga vigelegele. Upande wa tangi walinyamaza, kisha vijana wawili watatu wakaanza kusogea mbele wakisema wameibiwa. Primus akawapita. Alivuka uwanja peke yake, viatu vikizama kwenye tope, akamshika Denis mkono na kuunyanyua juu. Alisema kwa sauti iliyowafikia wote kwamba kijiji kimeongea, yeye amesikia, na kuanzia jioni ile mwenyekiti ni huyu. Halafu akawageukia vijana wake, akawaambia waende nyumbani wakakamue ng'ombe, giza linaingia.

Wakaenda. Katika kijiji cha jirani watu walirushiana mawe jioni ile ile, na habari za huko zilipofika, jina la Primus likazidi kupanda. Jumapili padre aliligusa jambo hilo katika mahubiri. Hakumtaja mtu, lakini kanisa zima liligeuka kumtazama Primus pale alipokaa na mke wake Hilaria. Binti yao Violet, aliyeolewa mjini Moshi, mtaa wa Soweto, alipiga simu kusema kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, baba yake anaonekana akivuka uwanja. "Baba, umetuheshimisha," alisema.

Siku ya makabidhiano Primus alifika ofisini mapema, akafagia mwenyewe. Mbele ya mtendaji wa kijiji alimpa Denis muhuri na funguo. Alimwonyesha dirisha lisilofunga, akamtajia familia zinazogombania mpaka wa shamba kila masika, na katika kila familia nani wa kuanza kuzungumza naye ili mwingine asione amedharauliwa. Alimweleza yote kwa moyo, hakubakiza. Denis alikuwa mdogo kwake kwa umri, na alikuwa amejiandaa kupambana. Mwisho aliomba tu kwamba mzee asikose nyumbani kwake Jumamosi, amechinja mbuzi.

Primus alikwenda. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea. Miaka kumi ya uenyekiti haikuwahi kumpa sifa kama zile alizopata kwa siku chache za kuuacha. Walimkalisha kando ya Denis, wakamletea nyama ya kwanza, na kata ya mbege, pombe ya ndizi, ilipoanza kuzunguka, Denis alionja akampa yeye kabla ya kaka zake. Watu waliona, wakafurahi. Wapo waliochukua simu wakapiga picha.

Kihamba cha Denis, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kiko kando ya njia, na uzio wake ni wa masale, mimea ya mipaka iliyopandwa tangu enzi za babu zao. Juu ya uzio huo Primus aliona mzigo wa majani ya ng'ombe ukipita polepole, na chini ya mzigo, Veronika.

Veronika, mama Lucky, alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyeishi kwa ng'ombe mmoja na mikungu ya ndizi aliyoishusha sokoni mjini. Katika chaguzi mbili zilizompa Primus kiti, na katika hii iliyomnyima, ndiye aliyeongoza kina mama. Aliimba, alitembea nyumba kwa nyumba, alibishana na wanaume waliomzidi umri. Sasa alikuwa akipita. Mama yake Denis alimwita kwa upole, aje apate hata bakuli la mtori. Veronika alisimama, akasalimia vizuri, akashukuru, akasema majani yanalowa. Kabla hajaondoka macho yake yalikutana na ya Primus, aliyekuwa bado ameshika kata mkononi. Hakukunja uso, wala hakutabasamu. Akaendelea na njia.

 Wakati wa kurudi nyumbani Hilaria alisema kwamba mama Lucky kapita pale kama mgeni. Primus alijibu kwamba alikuwa na haraka.

"Haraka ya kwenda wapi?" Hilaria aliuliza. "Wewe leo umekula kwa akina Kimaro. Yeye kule haingii. Nani alimfungia mlango?"

Jibu Primus alikuwa nalo.

Veronika alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Magreth, aliyeolewa na kaka yake Denis. Nyumba ya Magreth na ya Denis zinatazamana katika kihamba kile kile. Magreth alikuwa na binti mmoja, Beatrice, na mwaka ule Beatrice alikuwa anapokea kipaimara. Mtoto alipoambiwa achague msimamizi wa kusimama nyuma yake mbele ya askofu, hakufikiri mara mbili. Alimtaka mama mkubwa. Veronika alifurahi mpaka akashonesha nguo. Yeye na mtoto, kitambaa kimoja, kwa fundi wa Njoro ambaye hata yeye alikiri ni ghali. Kisha askofu akapanga kuja Jumamosi, na Jumamosi hiyo ikawa katikati ya wiki ya kampeni, siku ambayo Primus aliiwekea mkutano wake mkubwa sokoni.

Veronika alikwenda kwa Primus kumweleza. Alisema atasimamia mtoto kanisani asubuhi, atakula kidogo kwenye sherehe kwa Magreth ili mtoto asijisikie vibaya, halafu atashuka sokoni kabla mkutano haujachangamka. Primus alimsikiliza. Wakati ule alikuwa na hofu, maana kila siku aliletewa habari za mtu aliyehamia kwa Denis. Akilini alimwona Veronika ndani ya kihamba cha Kimaro, amevaa kitambaa cha sherehe, akicheka na mama yake Denis, na watu wakipita njiani wakimwona.

Hakumkataza. Baadaye alijaribu kujishika hapo, kwamba hakumkataza. Alisema, "Uamuzi ni wako, mama Lucky. Mimi siwezi kuingilia mambo ya kanisa. Ila watu wataangalia." Kisha akaongeza kwamba Denis angefurahi sana kumwona hapo siku hiyo.

Veronika alimtazama. Kisha akauliza mkutano unaanza saa ngapi.

Jumamosi aliimba sokoni mpaka sauti ikamkauka. Hilaria, aliyekuwa kanisani, ndiye aliyemsimulia Primus jioni. Watoto walipangwa mstari, wasimamizi nyuma yao, na Beatrice aligeuka kila mlango ulipofunguliwa. Zamu yake ilipokaribia katekista alimwita mama mmoja kutoka kwenye benchi, mtu wa kigango kingine aliyekuja kumwona mjukuu wake, akamwomba amwekee mtoto mkono begani. Askofu akampaka mafuta, akapita. Primus alisikiliza habari hiyo akiwa anavua viatu, na kwa kuwa mkutano ulikuwa umejaa, alisema watoto husahau.

Sakramenti hiyo mtu huipokea mara moja tu. Alilijua hilo hata wakati anasema.

Baada ya maneno ya Hilaria, Primus alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kila aliyempongeza njiani alimwongezea uzito. Mwishowe asubuhi moja alikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba lake, kama baba yake alivyokuwa akifanya alipomkosea mtu, akalikunja fundo na kuingia kwa Veronika. Uchaggani jani hilo lina nguvu. Anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, labda awe hataki kuhesabiwa miongoni mwa watu.

Alimkuta zizini, anamtoa ng'ombe kupe. Veronika aliona jani kabla Primus hajafungua kinywa.

"Usilitoe hilo," alisema.

"Nimekuja kuomba radhi, mama Lucky."

"Najua ulichokuja nacho. Ukinikabidhi hilo jani sina budi, nitakusamehe hapa hapa na wewe utarudi nyumbani umepona. Liweke mfukoni, baba Violet."

Miaka yote alikuwa akimwita mwenyekiti, hata kwenye misiba. Primus alilirudisha jani mfukoni. Alianza kusema kwamba siku ile alikuwa na hofu, kwamba angepaswa kumwambia aende kwa mtoto, na kwamba kosa ni lake. Veronika aliendelea na kupe zake. Alimkumbusha kwamba yeye si mtoto, alipewa uamuzi akaamua, na hakuna aliyemfunga kamba. Aliyasema bila hasira, na Primus angependa zaidi hasira.

"Lakini nikuulize," Veronika alisema, sasa akimtazama. "Wewe ulivuka uwanja ukamshika Denis mkono, watu wakapiga makofi. Mimi nikivuka kwa Magreth, nani atapiga makofi? Wewe uligombana na Denis kwa ajili ya kiti, na kiti kimeisha, mnakunywa kata moja. Mimi sikugombea kitu. Mimi nilikuwa nakuimbia."

Primus alisema atakwenda kwa Magreth amweleze ni yeye aliyemzuia.

"Ukienda, sema yako. Yangu usiyaseme. Usinibebe kunipeleka kule kama mzigo wako wa mwisho wa ofisini. Na usimwambie mtu mwingine."

Akamgeuzia mgongo, akaingiza majani kwenye hori.

Primus alikwenda kwa Magreth kesho yake, na sale akaliacha nyumbani. Alichagua saa ambayo Denis yuko ofisini, kwa sababu hakutaka yageuke mambo ya wenyeviti. Magreth alimpokea kwa heshima, akamtolea kiti barazani, akamletea chai ya maziwa. Primus alisema yake. Alisema kabla ya siku ya kipaimara alimwambia Veronika kwamba watu wataangalia, na alisema hivyo akijua mtu kama Veronika atafanya nini akiambiwa hivyo.

Magreth alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua kuna mtu," alisema. "Dada yangu haamki tu akamwacha mtoto wangu. Nilikuwa najua, na nilijua ni wewe. Haikunisaidia. Aliyeahidi ni yeye, na aliyegeuka kila mlango ukilia ni mwanangu."

Alimwambia pia kwamba picha ya askofu ilikuja kutoka studio, nzuri, na kwamba ameiweka kabatini kwa sababu hajui wageni wakimuuliza yule mama nyuma ya Beatrice ni nani atawajibu nini. Hata jina lake hawalijui vizuri.

Primus aliomba kumwona mtoto. Magreth alisita, kisha akaita. Beatrice alitoka jikoni, mikono ina unga, akapiga goti kidogo na kumpa shikamoo. Primus aliitikia. Hakuwahi maishani kumwomba mtoto msamaha na hakujua aanze na maneno yapi. Alisema kwamba siku ya kipaimara mama mkubwa hakuja kwa sababu yeye Primus alimtaka sokoni, na kwamba alifanya vibaya, na anamwomba amsamehe.

"Haina shida, babu," Beatrice alisema.

Alisema kwa adabu, kama anayejibu mtu aliyemkanyaga kwa bahati mbaya kanisani. Akasubiri kidogo kuona kama anahitajika zaidi. Alipoona sivyo, akarudi jikoni. Primus alimaliza chai yake kwa sababu kuiacha kungekuwa kumkosea Magreth mara ya pili, lakini haikupita vizuri.

Hakuna kilichofuata. Wiki zilipita, kahawa ya mwisho ikavunwa, Denis akaanza kutengeneza barabara ya juu na watu wakamsifu, na Primus alimsifu pia. Veronika aliendelea kupita na majani. Alimsalimia Primus na Hilaria kila asubuhi, akauliza hali ya ng'ombe, akaazima jembe akalirudisha limeoshwa. Kuimba kwaya kanisani aliacha. Walipomuuliza alisema sauti haijarudi tangu sokoni.

Kisha ikaja barua kutoka kwa shirika moja la mjini lililokuwa likiandaa semina ya viongozi wa mitaa na vijiji kuhusu kupokea matokeo. Walikuwa wameona ile video. Walimwomba mzee Temba aje awaambie wenzake aliwezaje. Primus alitaka kukataa. Hilaria alimwambia akikataa watasema ni mnyenyekevu, na sifa zitaongezeka tu. Afadhali aende akaseme ukweli.

Alishuka Moshi amevaa koti lake la misa. Ukumbi ulikuwa karibu na stendi, umejaa watu wenye vitambulisho shingoni, na mbele palikuwa na pazia jeupe ambako walionyesha video yake akivuka uwanja. Primus hakuwa ameiangalia kwa makini kabla. Alijiona kwa nyuma, bega moja chini kidogo kama la baba yake, anakwenda kwa Denis. Simu iliyorekodi iligeuka kufuata hatua zake, na kwa muda mfupi ikawachukua watu wa upande wa tangi. Veronika alikuwa mbele yao. Alikuwa bado na leso ya kampeni kichwani, mdomo wazi kidogo, anamtazama akienda. Halafu simu ikapita, na pazia lote likawa mikono miwili imenyanyuliwa, na ukumbi ukapiga makofi.

Aliitwa mbele. Maneno aliyokuwa ameyaandaa njiani, ya mama mmoja na mtoto mmoja na Jumamosi moja, yalikuwa mdomoni, na akakumbuka kwamba ameambiwa asimwambie mtu. Hata bila majina yangekuwa ya Veronika. 

"Mimi nilivuka mwepesi," alisema mwishowe, "kwa sababu nilivuka peke yangu. Walionibeba niliwaacha ng'ambo, na sikugeuka nyuma kuwaangalia. Mkishindwa, anzeni na wale. Mimi sikufanya hivyo. Ndilo nililonalo."

Alirudi kukaa. Kijana aliyeongoza semina alishukuru kwa hekima ya mzee wetu na unyenyekevu wake, akaomba apigiwe makofi ya kilimanjaro, na ukumbi mzima ukainuka. Primus alitazama viatu vyake mpaka walipokaa. Wakati wa chakula watu walikuja kumshika mkono, na diwani mmoja wa zamani aliyeonekana amechoka alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ndogo unaanzaje, ukiwarudia watu wako na huna cha kuwapa. Primus alimwambia hajui. Walikula pamoja, wakaachana.

Jumuiya ya kanisa kule Kisereni husali nyumba kwa nyumba, Jumamosi asubuhi, kila familia kwa zamu yake. Baada ya Krismasi zamu ilifika kwa Magreth. Tangu kampeni Veronika alikuwa anasali jumuiya nyumba zote isipokuwa za akina Kimaro, na watu walikuwa wamezoea. Asubuhi ile ukungu haujapanda, sebule imejaa, rozari ikiwa imeshaanza, mlango ulifunguliwa na Veronika akaingia. Alikaa mwisho wa benchi la karibu na mlango, akatoa rozari yake, akaitikia pale walipofika.

Hakuna aliyegeuka, ingawa kila mtu alijua. Primus alikuwa ameketi upande wa pili, karibu na Denis.  Sala zilipokwisha Beatrice alizunguka na chai. Alipofika kwa Veronika alisimama na birika mkononi, na Veronika akaongea naye kwa Kichagga, chini chini, maneno machache. Mtoto hakusema haina shida.  Macho yalimjaa, akamimina chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani, akaondoka haraka. Veronika alikishika kile kikombe kilicholowa, akabaki anakitazama.

Primus alimtazama kwa nguvu, akitaka macho yao yakutane. Hayakukutana. Na katika kusubiri kule aligundua anachokisubiri. Alikuwa anataka Veronika amwonyeshe, hata kwa kutikisa kichwa, kwamba na yeye amehesabiwa katika asubuhi ile. Aliona aibu, akainamisha kichwa kwenye kikombe chake.

Watu walianza kuaga. Magreth alikuwa mlangoni akipeana mikono na kila mmoja. Veronika alipofika, Magreth hakumpa mkono. Alimpa sinia la vikombe vichafu. Veronika alilipokea, akageuka nalo kuelekea uani.

Primus na Hilaria walitoka hadi njiani. Primus alisimama kando ya uzio, akasema wamsubiri mama Lucky, njia ni moja.

"Twende," Hilaria alisema. "Hatukuambiwa tusubiri."

Kutoka uani ilisikika sauti ya maji yakimiminwa na vikombe vikigongana ndani ya beseni. Sauti ya mtu haikusikika. Primus alisikiliza kidogo, kisha akamfuata mke wake kwenda nyumbani.